Wasomaji Wauliza: Nani Alikwambia Wewe Ni Mshamba?

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja kwa njia tofauti: jinsi macho na midomo ya watu inavyotuambia sisi ni nani. Tumechagua tano. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha nje kama mlivyoomba.

Hamjambo wahariri. Nilizaliwa Nyahururu, nina miaka 26, na huu ni mwezi wa saba nikifanya kazi katika kampuni moja huku Westlands. Herufi l na r hunipiga chenga. Juzi nilisema "rori" mbele ya watu kumi na wawili, nikaona wawili wakitazamana. Tangu siku hiyo mikutanoni nanyamaza. Najua wananiona mshamba. Nifanye nini? — Msomaji, Kayole

Ndugu yetu, tuanze na hilo neno "najua". Ulichokiona ni watu wawili wakitazamana. Habari ya ushamba umeiongeza mwenyewe, na shughuli yote iko hapo.

Mwanasosholojia Mmarekani Charles Horton Cooley alieleza mwaka 1902 kwamba mtu hujijua kama anayejitazama kwenye kioo, ila kioo chenyewe ni watu. Aliigawa kazi hiyo mara tatu. Kwanza unawaza unavyoonekana machoni pa mwenzako. Pili unawaza amekuhukumu vipi. Tatu inakuja hisia: fahari au aibu. Sasa angalia vizuri, hatua hizo zote zinafanyika kichwani mwako. Mwenzako pengine alikuwa anawaza deni lake la Fuliza.

Hili si la kukufariji tu. Mwaka 1979 Shrauger na Schoeneman walipitia tafiti zilizokuwa zimepima jambo hili, wakakuta kwamba mtu anavyojiona hulingana vizuri na anavyodhani wengine wanamwona. Lakini ukienda kuwauliza hao wengine wanamwonaje, majibu yao hayalingani sawasawa na anavyojiona. Sababu moja ni kwamba watu hawatuambii. Ofisi za Nairobi zimejaa adabu; mtu hatakwambia usoni kwamba ripoti yako haikueleweka, atasema "iko sawa" na kuendelea na chai. Kwa hiyo tunasoma nyuso, kukohoa na kunyamaza, na pengo tunalijaza kwa hofu zetu.

Tena tunadhani tunatazamwa kuliko tunavyotazamwa. Mwaka 2000 Gilovich na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambapo wanafunzi walivalishwa fulana yenye sura ya mwanamuziki Barry Manilow, wakaingizwa ghafla katika chumba chenye wenzao. Aibu tupu, kwa vijana wa huko. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangemtambua mwanamuziki huyo. Waliomtambua walikuwa kama robo tu.

Basi fanya hivi. Kabla ya kumuuliza mtu yeyote, andika kisio lako kwa sentensi moja: "Nadhani walisikia rori na hawakusikia tena nilichosema." Kisha chagua watu watatu: mmoja wa kiwango chako, mmoja aliye juu yako, na mmoja wa idara nyingine aliyekuwepo. Usiwaulize "mlinionaje?" Swali hilo linaomba pole, na pole ndiyo utakayopewa. Uliza jambo lenye jibu: "Nilipoeleza usafirishaji wa wiki ile, ni wapi nilikupoteza?" Muulize kila mmoja peke yake, ana kwa ana, ndani ya siku mbili tatu kabla hawajasahau. Kwenye WhatsApp sauti haisikiki. Neno "poa" lile lile utalisoma kama dharau siku ukiwa umechoka.

Huwa panaharibika wapi? Kwanza ni kumuuliza rafiki peke yake. Pili, na hili ni baya zaidi, ni kuchagua jibu la kuamini. William Swann, mtafiti wa saikolojia, ameonyesha kwamba mtu aliyejishusha huelekea kumwamini anayemshusha na kumtilia shaka anayemsifu, kwa kuwa wa kwanza anasema kile anachokijua tayari. Andika majibu yote matatu kikamilifu ndipo uyapime, yakiwa kando ya kisio lako.

Kuhusu matamshi yenyewe: kama lugha yako ya kwanza ni Kikuyu, haina sauti ya l, kwa hiyo ulimi wako haukufunzwa kuitenga na r. Kinachotokea mdomoni ni hiki. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kubaki pale, hewa inapita pembeni. Kwenye r inagonga mara moja na kuondoka. Chukua jozi za maneno, dakika tano kwa siku, polepole: kula na kura, mahali na mahari, kalamu na karamu. Jirekodi kwa simu usikilize. Lakini ukifanya, fanya kwa kuwa umetaka. Kushrabu, yaani lafudhi ya lugha ya kwenu kusikika katika matamshi, si ugonjwa, na nusu ya wanaocheka wana herufi zao wanazozificha.

Kama kweli kuna anayekubeza au kukunyima kazi kwa sababu ya lugha, hilo limetoka kwenye mambo ya kioo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na lugha imetajwa humo kwa jina. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo.

Mwalimu alisema mbele ya mwanangu wa gredi ya 5, "huyu ni mzito". Ripoti yake ya hisabati ilisema Kukaribia Matarajio. Sasa nikimwambia tufanye kazi ya ziada ananijibu, "Mama, si mimi ni mzito." Dada yake tunamwita Profesa, naye hana shida. — Mama wa wawili, Umoja

Mama, pole. Umegusa jambo lililochunguzwa sana, na kubishaniwa sana. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti wa shule moja ya msingi huko California. Walimu walipewa majina ya kama moja kwa tano ya wanafunzi, wakaambiwa mtihani umeonyesha hao watachanua. Mtihani haukuonyesha chochote. Majina yaliokotwa tu kama bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, katika madarasa mawili ya chini, waliotajwa walikuwa wamepanda zaidi kwenye kipimo cha akili. Madarasa ya juu tofauti ilikuwa ndogo au haikuwepo. Wakosoaji waliushambulia utafiti huo, na tafiti za baadaye zimekuta athari ambazo kwa kawaida ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo usiogope kwamba neno moja la mwalimu limemmaliza mtoto.

Cha kutazama ni njia ambazo neno hilo hupitia, maana neno lenyewe husahaulika. Rosenthal baadaye alitaja nne. Uchangamfu: mwalimu anamtabasamia nani. Kazi: nani anapewa maswali magumu na nani anaachiwa mepesi. Nafasi ya kujibu: nani anasubiriwa. Na marejesho: nani anaelezwa kosa lake na nani anaambiwa tu "kaa".

Ya tatu ndiyo rahisi kurekebisha. Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri angalau sekunde tatu, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa dhaifu nao wakaanza kujibu. Sekunde tatu! Unapoenda shuleni, usifungue kwa "mbona ulimwita mwanangu mzito". Mwalimu ana watoto wengi mbele yake na atajitetea. Sema, "Mwalimu, nimekuja kuomba msaada. Ukimuuliza, naomba uhesabu hadi tatu kimoyomoyo kabla hujampa mwingine. Na akikosea, nitumie kosa lenyewe, si alama." Kisha rudi baada ya wiki tatu, hata kwa dakika tano langoni.

Hilo la kosa lenyewe lina uzito. Tuseme mtoto amepewa nusu kujumlisha robo, akaandika 2/6. Neno "mzito" halikuelezi chochote. Kosa linakueleza yote: amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, kama namba za kawaida. Kata chapati vipande vinne sawa. Muulize nusu ya chapati ni vipande vingapi. Viwili. Ongeza robo, kimoja. Vitatu kati ya vinne. Sasa mwonyeshe 2/6 ni theluthi moja, ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Amejumlisha na chakula kimepungua! Watoto hucheka hapo. Na mtoto aliyeona kosa lilipo hana haja ya jina la kulieleza.

Ripoti nayo isomeni pamoja kwa sauti. "Kukaribia Matarajio" ni habari ya kazi ya muhula mmoja katika somo moja. Mwambie hivyo hivyo.

Usimjibu "wewe si mzito, wewe ni mwerevu sana". Mtoto wa miaka kumi anaona ripoti mezani, atajua unamfariji. Mueller na Dweck, mwaka 1998, waliwapa watoto wa umri huo huo mafumbo. Kundi moja wakalisifia akili, jingine juhudi. Walipokutana na mafumbo magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema na baadaye wakafanya vibaya zaidi. Zaidi ya theluthi moja yao hata waliongeza alama zao uongo walipoulizwa. Sifa inayofaa hutaja kitendo: "Umerudia mara tatu bila kufuta ya kwanza, nimeona."

Na Profesa wenu, Mama, mtazameni. Jina zuri nalo ni mzigo. Siku atakapopata alama ya chini atakuwa na mengi ya kuficha kuliko mdogo wake. Muiteni kwa jina lake, angalau wakati wa ripoti.

Mwanangu ana miezi 20. Niliona kwenye simu kwamba ukimpaka mtoto rangi puani ukamweka mbele ya kioo, akijigusa pua basi anajijua. Wangu alisimama akakodoa macho tu. Je, ana shida? — Baba, Kawangware

Hapana, kwa hilo peke yake hapana. Jaribio hilo lilianzia kwa sokwe mwaka 1970, likahamishiwa kwa watoto, na huko Ulaya na Marekani wengi hujigusa kati ya miezi 18 na 24. Lakini lilipofanywa hapa Kenya na matokeo kuchapishwa mwaka 2011, watoto wawili tu kati ya 82 walijigusa, na wengine walikuwa na miaka mitano na zaidi. Waliganda wakijitazama, kama wako. Je, watoto wa Kenya hawajijui? Watafiti wenyewe hawakuelekea huko. Fikiria: mtu mzima mgeni amekuweka mbele ya kioo na una doa usoni. Mtoto aliyezoea kungoja mkubwa aseme atangoja.

Mwangalie katika mambo ya kila siku: anageuka ukimwita jina? Anasema au kuonyesha "yangu"? Anajionyesha kwenye picha ya familia? Kama haitiki jina au hana maneno kabisa, chukua kile kijitabu cha Mama na Mtoto uende naye kliniki. Hakuna haja ya kumpaka tena.

Nimeolewa miaka tisa. Mtaani ni Mama Junia, kanisani Mama Junia, hata mume wangu ananiita Mama Junia. Juzi benki waliita jina langu mara mbili nikawa sijageuka. Najihisi nimepotea. — Donholm

Dada, kabla hujaamua umepotea, fanya zoezi hili. Lilitungwa na Kuhn na McPartland mwaka 1954 na hadi leo linatumika. Chukua karatasi, andika namba 1 hadi 20, na kila mstari uanze na "Mimi ni". Weka simu dakika 12. Andika lolote linalokuja bila kupanga kwa umuhimu. Karibu na mstari wa nane au wa kumi utakwama. Usiache, mara nyingi yale usiyoyasema mchana huja baada ya hapo. Na usilifanye usiku mmetoka kugombana, utajaza karatasi nzima machungu. Lirudie baada ya wiki, saa nyingine ya siku.

Sasa weka alama. N kwa nafasi: mama, mke, mweka hazina wa chama. T kwa tabia: mcheshi, mwepesi wa hasira. P kwa unayopenda au kuyaweza: kushona, kuimba besi.

Ukikuta N zimejaa, usishtuke. Mwaka 1997 Ma na Schoeneman walilinganisha Wamarekani na Wakenya kwa zoezi hili hili. Kwa Wamaasai na Wasamburu, majibu kama manne kati ya matano yalihusu nafasi na jamaa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa karibu zaidi na Wamarekani, na wafanyakazi wa hapa mjini walikuwa katikati. Kujitaja kwa watu wako hakumaanishi huna nafsi. John Mbiti, mwanafalsafa mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika anaweza tu kusema "nipo kwa sababu tupo". Ila hakusema hiyo "tupo" ni watu wawili.

Kwa hiyo ongeza safu ya pili, ambayo ni yetu, haimo katika zoezi la asili. Mbele ya kila mstari andika jina la mtu ambaye angeuthibitisha kwa kuwa ameuona. Sio anayeupenda, aliyeuona. Kama mbele ya mistari kumi na mitano yanajirudia majina mawili, la mume na la Junia, basi jina Mama Junia halina hatia. Vioo vimebaki viwili. Na kama kuna mstari usio na shahidi kabisa, labda huo wa kuimba, anza nao. Tafuta mahali penye siku na saa, kwaya ya Jumamosi alasiri kwa mfano, ambapo watu watakujua kwa sauti yako kabla ya kujua una watoto wangapi. Mara nne za kwanza utajiona mgeni. Nenda ya tano.

Jina lenyewe liguse taratibu. Kwa mama mkwe na mama mboga, "Mama Junia" ni heshima; ukikataa utaonekana umevimba kichwa. Anza na wawili: rafiki wa shule aliyekujua kabla, na mume wako mkiwa ndani ya nyumba. Mwambie kwa mzaha kwanza. Wanaume wengi hawajui hata kwamba wameacha kuliita.

Mtaani naongea Sheng, ofisini Kiingereza cha puani, nyumbani Murang'a Kikuyu na mikono nyuma. Rafiki yangu ananiita mnafiki. Na kuna jingine: kazini nilisema naishi Kilimani, mtaa wa wenye nazo, na naishi Pipeline. — Msichana, miaka 24

Umeuliza mawili ukidhani ni moja. La kwanza ni dogo. William James aliandika tangu 1890 kwamba mtu ana nafsi za kijamii nyingi kama walivyo watu wanaomtambua. Erving Goffman naye, miaka ya 1950, alilinganisha maisha na jukwaa: kuna mbele ambako unaigiza, na kuna nyuma ya pazia ambako unavua viatu. Ukimsalimia nyanya yako kwa Sheng utakuwa umekosa adabu, hutakuwa umekuwa mkweli zaidi. Rafiki yako naye hamsemeshi bosi wake anavyokusemesha wewe.

Kipimo tunachokitumia ni hiki. Chukulia wote wamekuja harusini kwako, wamekaa meza moja. Kama kitakachokuaibisha ni lafudhi, utaona haya saa moja kisha mtacheka. Kama ni habari, itabidi umwombe mtu anyamaze. Sheng iko upande wa kwanza, Kilimani upande wa pili.

Uongo wa makazi una gharama za kila siku: njia ya kutaja ukichelewa, mvua ya kusema haikunyesha kwenu, lifti ya kukataa kila jioni. Ukiweka picha kwenye status ya WhatsApp, unaingia kwenye faragha kuchagua nani asione, na siku utakaposahau jina moja ndiyo siku yenyewe. Na kwa kuwa unatumia nguvu zote kulinda Kilimani, kila anayekusifu kazini unamwona kama anamsifu huyo wa Kilimani. Sifa haikufikii.

Usiitishe mkutano wa kuungama. Fomu za kazi zirekebishe kwanza, kimya kimya, maana anwani ya uongo kwenye faili inaweza kukuletea maneno. Kisha mwambie mmoja, yule mnayetoka naye Ijumaa kuelekea stegi. Magari ya Pipeline hayapandiwi yanapopandiwa ya Kilimani, kwa hiyo mkifika pa kuachana sentensi itakuja yenyewe: "Mimi napandia huku, nakaa Pipeline." Usieleze zaidi ya hapo. Akiuliza, "si ulisema Kilimani?", jibu, "nilisema", na upande gari.